Mbili kwa Mbili, Mbili kwa Tatu

Msafiri wa Singida ana kipimo chake cha starehe, na amekiokota stendi ya Misuna. Kabla hajatoa nauli anamuuliza wakala wa tiketi: basi lenu ni mbili kwa mbili au mbili kwa tatu? Akijibiwa mbili kwa mbili, anajua magoti yatafika Dar es Salaam salama. Akijibiwa mbili kwa tatu, anajua kuna mtu atakayebanwa katikati, na aliyechelewa kukata tiketi ndiye huyo.

Shangazi yangu wa Puma alipanda ndege mara ya kwanza akiwa na kipimo hichohicho mkononi. Mkoa wetu hauna safari za ratiba za shirika la ndege la ATCL, kwa hiyo alikwenda kwa basi mpaka Dodoma, kilomita kama 240, ndipo akapaa. Alipotua Dar akanipigia simu. "Mwanangu, si uliniambia ndege mpya? Mbona ya mapangaboi?" Nikamwamkia kwanza, kisha nikamuuliza viti vilipangwaje. "Mbili kwa mbili," akasema, na sauti ikapoa kidogo.

Nimekaa miaka mingi kwenye ufundi wa ndege, na sijapata kusikia kipimo kizuri cha kuanzia kuliko hicho cha Misuna. Kina kasoro moja tu, nitaifikia.

Tuanze na mapangaboi. Septemba 2016 ATCL ilipokea Bombardier Dash 8 Q400 mbili, na mtaani zikaitwa Bombadia hadi leo. Wengi walizicheka: serikali inanunuaje ndege za feni wakati dunia iko kwenye jeti? Kicheko hicho hakikuwa na haki. Panga la Q400 linazungushwa na injini ya tabo, ndugu wa damu wa injini ya jeti, na ndege yenyewe inakwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Kwa safari ya saa moja inakunywa mafuta kidogo kuliko jeti, na inatosheka na njia fupi ya kurukia. Ndiyo maana imefaa kwa Mpanda, Songea, Iringa na Bukoba. Ikitokea siku Singida ikapata safari za ratiba, msitazamie jeti. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua la mchana linaizidishia wepesi. Bawa linapata kidogo cha kukamata, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia zaidi chini kabla ya kuinuka.

Ile herufi Q katika jina la Q400 imetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya utulivu. Kuna vipaza sauti vidogo vimefichwa ndani ya kuta za chumba cha abiria, vinasikiliza mngurumo wa mapanga. Kompyuta inapokea habari hizo, kisha inaviamuru vifaa vilivyofungwa kwenye mbavu za bodi vitikisike kinyume cha mtikisiko wa mapanga, ili mmoja uumeze mwingine. Haviumezi wote. Ukikaa usawa wa mapanga utausikia kifuani. Sogea nyuma.

Viti ni 76, na hakuna hata kimoja cha katikati. Bawa liko juu ya dirisha, kwa hiyo nchi yote iko chini yako bila kizuizi. Anayepita juu ya kwetu asubuhi isiyo na mawingu ataona maziwa ya Singidani na Kindai yanavyong'aa pembeni mwa mji, mawe makubwa yaliyorundikana kama mtu aliyaacha akaenda kunywa maji, na msimu wa alizeti ukifika, vipande vya njano.

Sasa ile kasoro ya kipimo cha Misuna. Desemba 2018 ilifika Airbus A220-300, na ATCL ikawa shirika la kwanza Afrika kuirusha. Daraja la kawaida ni mbili kwa tatu. Kwa macho ya stendi, hilo ni basi la nauli ya chini! Lakini hesabu viti. Daraja hilo lina viti 120, mistari 24 ya watu watano. Wanaobanwa katikati ni 24, yaani mmoja kati ya watano. Ndani ya Boeing 737 MAX 9, iliyoanza kuingia nchini Oktoba 2023, mpango ni tatu kwa tatu, na anayebanwa ni mmoja kati ya watatu. Halafu upana: kiti cha A220 ni sentimita 47 hivi, cha 737 ni kama 43. Sentimita nne unaweza kuzidharau ukiwa umesimama. Kaa nazo saa mbili kati ya mabega mawili ya wanaume wa kazi, ndipo uzungumze.

Dreamliner je, ile Boeing 787-8 ya viti 262 iliyopokelewa kwa shangwe Julai 2018? Daraja la kawaida ni tatu, ujia, tatu, ujia, tatu. Anayebanwa bado ni mmoja kati ya watatu. Ukubwa wa ndege haukuongezei nafasi ya kiwiko. Kwa kiti peke yake, mimi ningechagua A220 kuliko Dreamliner, na wenzangu kazini wamechoka kunisikia nikilisema.

Dreamliner inashinda kwenye jambo ambalo jicho halioni. Ndege inaporuka mita 11,000 au 12,000, hewa ya nje haimtoshi binadamu, kwa hiyo chumba kinajazwa hewa ya kugandamizwa. Lakini hakijazwi mpaka kifikie hewa ya Dar. Bodi la aluminiamu hutunishwa na kunywea kila safari kama mpira wa baiskeli, na chuma huchoka. Ili lisichoke mapema, watengenezaji huiacha hewa ya ndani ishuke hadi ile ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Ni kama kukesha ukingoni mwa Ngorongoro. Mgandamizo huko ni kama asilimia 74 ya ule wa pwani, na hapo ndipo yanapotoka maumivu ya kichwa na ule uchovu wa kushuka Mumbai ukidhani umelima.

Bodi la Dreamliner limefumwa kwa nyuzi za kaboni na gundi maalumu. Halichoki kirahisi wala halipati kutu, kwa hiyo linavumilia kujazwa zaidi. Ndani yake hewa haipungui kuliko ile ya mwinuko wa mita 1,800, asilimia 80 ya mgandamizo wa pwani. Singida mjini tunavuta asilimia 84 kila siku tukienda sokoni. Mtu wa Dar anapandishwa mlima akiwa amekaa. Mtu wa Singida amehama mtaa tu.

Ukitaka kuiona hewa hiyo kwa macho, kunywa maji yako yote ndege ikiwa juu, funga kizibo cha chupa kwa nguvu, uiweke mfukoni mwa kiti cha mbele. Ikianza kushuka utasikia plastiki inalia. Ikitua, chupa imebonyea kama imekaliwa. Kinachoibonyeza kinabonyeza na ngoma ya sikio lako, kama kwenye basi linaloshuka mlima wa Sekenke. Meza mate, piga miayo. Mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati wa kushuka. Kumeza kunamfungulia masikio.

Mtikisiko nao una saa zake. Kanda ya Kati inapokuwa kavu, ardhi inachemka kuanzia saa tano, na hewa ya moto inapanda kwa mafungu, moja hapa, jingine kule. Ndege inayapita kama gari linavyopita makorongo. Q400 haizidi mita 7,620, na kwenye safari fupi huwa chini zaidi, ndani ya mafungu hayohayo. Tena ni nyepesi, kwa hiyo inatikiswa zaidi: uzito wake wa juu wa kurukia ni tani 29 hivi, wakati wa Dreamliner ni kama 228. Dawa ni kukata safari ya asubuhi. Ukikosa, kaa karibu na bawa, ambako ndege haichezi sana. Kwenye Q400 hapo uko jirani na mapanga, kwa hiyo itabidi uchague tumbo au masikio.

Tatizo ni kwamba ndege uliyoichagua siyo lazima iwe utakayopanda. Mwishoni mwa 2022 ATCL ilisimamisha baadhi ya A220 kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, yaliyoyakuta pia mashirika ya nchi nyingine. Ndege moja ikilala, nyingine inabeba safari yake, na namba ya kiti kwenye simu yako haina maana tena, kwa sababu mstari wa 24 wa A220 haupo kwenye Q400. Kwa hiyo ukifika kaunta, kabla mzigo haujapimwa, uliza leo inakwenda ndege gani, uombe kiti upya.

Shangazi ameshalishika hilo. Mwezi uliopita alipokuwa anarudi, dada wa kaunta alimwambia ni A220, mbili kwa tatu. Akajibu, "Nipe upande wa mbili, mama, dirishani." Akapewa.