Katriji Imeisha na Boti ya Mbita Imeshaondoka: Kujaza Wino Mwenyewe Bila Hasara

Ni Ijumaa jioni hapa Takawiri. Familia imeleta picha ya marehemu, mazishi ni kesho, na wanataka programu za mazishi nakala 40, za rangi. Printa inatoa mistari myeupe katikati ya uso wa mzee. Katriji nyingine iko Mbita, na boti ya mwisho imeshaenda. Kama uko na saiba ndogo kando ya duka lako la uwakala, hii hali unaijua.

Swali ambalo mawakala hutuuliza ni kama kujaza katriji kwa sindano kunaokoa pesa kweli. Kunaokoa, lakini si kwa kila anayejaribu. Hasara huingilia pahali pawili: kwenye katriji iliyojazwa ikiwa imechelewa, na kwenye pesa ya kuprinti iliyochanganyika na floti.

Tuanze na hesabu. Tuchukue mfano wa katriji nyeusi ya HP 652, ambayo kampuni inasema hutoa kurasa kama 360 za maandishi. Tuseme umeinunua shilingi 1,800. Kila ukurasa umekula shilingi 5 za wino. Sasa tuseme chupa ya wino ya mililita 100 ni shilingi 400, na kila unapojaza unatia mililita 5, yaani wino wa shilingi 20. Ukijaza mara nne kabla katriji haijakufa, umetumia shilingi 1,880 kwa kurasa karibu 1,800. Ukurasa umeshuka hadi shilingi moja na senti kidogo. Weka bei zako mwenyewe, na usisahau nauli ya boti. Halafu kumbuka hizo kurasa 360 hupimwa kwa maandishi ya kawaida. Picha inayojaza ukurasa hunywa wino mara nyingi zaidi, kwa hivyo programu ya mazishi isilipishwe kama fomu ya SHA.

Sasa ile siri ambayo wengi hawaambiwi. Kwenye katriji ndogo za HP, na za Canon kama PG-445, kichwa cha kuchapia kiko kwenye katriji yenyewe, kile kipande cha chini chenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Kichwa hicho hupasha wino joto mpaka urushwe kwenye karatasi, na wino huohuo ndio hukipoza. Ukilazimisha kuprinti wakati wino umekwisha, kichwa kinaungua. Hapo hata ukijaza chupa nzima hakuna kitu. Maandishi yakianza tu kufifia, simama, jaza. Na katriji tupu usiiweke kwenye droo miezi mitatu ukisema utaijaza siku moja. Wino uliobaki hukaukia ndani ya matundu.

Kabla ya kujaza, angalia wino wenyewe. Wino mweusi wa katriji nyingi za aina hii ni wa chembechembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi, na hauyeyuki ovyo maji yakiugusa. Wino wa rangi, na chupa nyingi za bei rahisi, ni rangi iliyoyeyushwa tu. Mjini hiyo si shida kubwa. Kwetu karatasi husafiri kwa boti: mtihani wa shule uliopakuliwa kutoka KNEC, rejista ya BMU, barua ya chifu. Tone moja la ziwa na jina la mtu limekuwa doa. Uliza muuzaji kama wino mweusi unafaa modeli ya katriji yako, na usichanganye aina mbili ndani ya katriji moja. Kama printa yako ni ya leza, hiyo hutumia unga, si wino, na maelezo haya hayakuhusu.

Kujaza kwenyewe hakuna haraka. Tandika gazeti, vaa glavu. Bandua stika ya juu utaona tundu. Ingiza sindano mpaka ndani ya sponji, sukuma polepole sana, ukiona wino unapanda juu vuta kidogo nyuma. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu, na mpangilio wake hubadilika kwa modeli, kwa hivyo chovya kwanza kijiti cha meno kila tundu uone rangi inayotoka. Mililita 2 kila chumba zinatosha. Ukikosea chumba, hiyo katriji utaijutia. Rudisha stika bila kuziba njia ya hewa, futa kichwa kwa tishu laini, usiguse vile vipande vya shaba kwa vidole, iache itulie saa moja, kisha safisha kichwa kupitia menyu ya printa.

Printa ikisema katriji imetumika au haina wino, kubali ujumbe uendelee. Kwenye Canon nyingi, shikilia kitufe cha Stop kwa sekunde tano au zaidi.

Upande wa pesa, wino mwingi utaagiza kwa simu kutoka Kisumu au Nairobi. Lipa kwa till ya biashara, na soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Jina likiwa tofauti na la duka, usilipe. Muuzaji anayesema "tuma kwa namba ya kijana wangu, till iko na shida leo" mwambie utasubiri till ipone. Ukituma kimakosa, tupigie mara moja, kwa sababu pesa ikishatolewa upande ule ni ngumu kuirudisha.

Kisha fungua till ya kuprinti peke yake, mbali na floti. Mwisho wa wiki utaona iliingiza ngapi, na ndani yake toa ya karatasi, ya wino, na ya katriji mpya, kwa sababu hii ya sasa itakufa tu. Kazi ikiwa nyingi, wekea hapo pia akiba ya printa ya tangi, kama Epson L3250. Hiyo humiminiwa wino moja kwa moja kutoka chupa, bila sindano wala tundu.