Ziwa Lisilo na Mlango: Kutoka Gusii, kwa Maji, hadi Nchi za Barafu

Mvua inayonyesha katika vilima vya Marani, kaskazini mwa mji wa Kisii, haina pa kwenda ila Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo nayo hayana pa kutokea ila Jinja, ambako Mto Naili huanza safari yake ya kilomita elfu kadhaa kuelekea Bahari ya Mediterania. Kwa mujibu wa ramani, basi, mkulima wa chai au ndizi wa eneo hilo la Gusii anaishi mwanzoni mwa njia ya maji inayofika bahari kuu, na bahari kuu hufika kila mahali, hata kwenye barafu ya ncha za dunia. Hata hivyo, hakuna meli iliyowahi kung'oa nanga Kendu Bay au Kisumu ikatokea Aleksandria. Sababu za jambo hilo zinastahili kuchunguzwa, hasa katika kipindi hiki ambapo watalii matajiri wa Amerika ya Kaskazini hupanda meli kwenye ziwa lililo katikati ya bara lao na kushukia ukingoni mwa Antaktika, bara la barafu lililo kusini kabisa mwa dunia.

Safari hizo, ambazo huchukua zaidi ya miezi miwili na kumgharimu abiria makumi ya maelfu ya dola, huanzia kwenye Maziwa Makuu yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada, kwa mfano katika mji wa Duluth ulio kando ya Ziwa Superior, ambalo ndilo ziwa la maji baridi pekee duniani linalolizidi Victoria kwa eneo. Meli hupita maziwa hayo hadi Mto St. Lawrence, ikaingia Atlantiki, ikateremka hadi Mfereji wa Panama, kisha ikafuata pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini mpaka Ushuaia nchini Argentina, mji ambao ndio lango la kawaida la kuelekea Antaktika. Majira ya kuondoka hayachaguliwi kwa kupenda. Njia ya St. Lawrence hufungwa kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi kwa sababu ya barafu, wakati huohuo ambapo kusini ni kiangazi na bahari inapitika, kwa hiyo meli huikimbia baridi ya kaskazini na kuliwahi jua la kusini.

Kinachowezesha yote hayo ni ujenzi zaidi kuliko ushujaa. Ziwa Superior liko mita 183 juu ya usawa wa bahari, na kati yake na Atlantiki yapo maporomoko ya Niagara, ambayo hakuna nahodha anayeweza kuyateremka. Njia ya St. Lawrence, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1959 na Malkia Elizabeth wa Pili pamoja na Rais Eisenhower, huvikwepa vikwazo hivyo kwa vyumba vya maji 16, ukihesabu na kile cha kutokea Ziwa Superior. Kila chumba ni birika refu la zege lenye malango pande mbili: meli huingia, malango hufungwa, maji hupunguzwa polepole mpaka yalingane na yale ya upande wa chini, kisha lango la mbele hufunguliwa na meli ikaendelea na safari. Vinane kati ya vyumba hivyo viko katika Mfereji wa Welland, wenye urefu wa kilomita 43, nao peke yake huishusha meli karibu mita 100. Vipimo vya vyumba ndivyo vinavyoamua umbo la meli. Viking Octantis, mojawapo ya meli za safari hizo, iliyoanza kazi mwaka 2022, ina upana wa mita 23.5, yaani inapenya kwa nafasi ndogo tu kila upande, na jina lake limetokana na nyota iliyo karibu na ncha ya kusini ya anga, ilhali meli pacha yake imepewa jina la Polaris, nyota ya kaskazini.

Meli za aina hii si mahoteli makubwa yaelekayo visiwani yakiwa na maelfu ya wageni. Huwa na bamba za chuma zilizoimarishwa kwa ajili ya barafu, wanasayansi wa kutoa mihadhara, na mashua za mpira za kuwashusha abiria mahali pasipo na gati. Chombo cha kwanza kilichojengwa mahususi kwa kazi hiyo kilikuwa Lindblad Explorer cha mwaka 1969, nacho kilizama karibu na Antaktika tarehe 23 Novemba 2007 baada ya kugonga barafu, ingawa watu wote 154 waliokuwamo waliokolewa. Kanuni nazo ni kali: meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha mtu Antaktika, watu wasiozidi 100 ndio huwa nchi kavu kwa wakati mmoja, na tangu Agosti 2011 mafuta mazito ya meli yamepigwa marufuku katika bahari hiyo. Mkataba wa Antaktika wenyewe ulitiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, na Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa nchi pekee ya Afrika miongoni mwao.

Ikirejewa Nyanza, yaani upande wa Gusii, tofauti huonekana mara moja kwa hesabu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari, takribani mara sita ya Superior, na kati yake na Ziwa Albert peke yake Naili huanguka zaidi ya mita 500, ikiwa ni pamoja na maporomoko ya Murchison, ambapo mto mzima hubanwa katika ufa wa mita chache na kuporomoka mita 43. Ndiyo maana meli za Victoria hazikuja kwa kusafiri bali kwa kubebwa. Vipande vya meli William Mackinnon vilisafirishwa kutoka Mombasa, sehemu kubwa ya njia vikiwa vichwani mwa wapagazi, na meli hiyo ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla hata reli haijafika ziwani mwishoni mwa 1901. Kwa Gusii, ambayo haina bandari, ziwa lilikuwa barabara ya kwanza ya nje: Waadventista waliofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, ndio waliopanda baadaye hadi Nyanchwa mjini Kisii, na dini hiyo imekuwa na wafuasi wengi Kisii na Nyamira hadi leo.

Jambo ambalo limesahauliwa mno ni kwamba, ingawa meli moja haikuweza kuteremka Naili, abiria aliweza. Tangu miaka ya 1930 idara ya reli ya Kenya na Uganda iliuza safari ya kwenda Misri kwa kupokezana vyombo. Msafiri alivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Jinja, akapanda treni ya Busoga, iliyofunguliwa mwaka 1912, mpaka Namasagali, akashika meli ya magurudumu iliyopita Ziwa Kyoga lenye mafunjo na kumfikisha Masindi Port. Hapo magari yalimvusha nchi kavu kupitia Masindi hadi bandari ya Butiaba, ambako Robert Coryndon, meli iliyoanza kazi Ziwa Albert mwaka 1930, ilimngojea. Meli nyingine ilimpeleka Nimule, gari likamkwepesha maporomoko hadi Juba, na kutoka Juba meli za serikali ya Sudan zilikata matete ya Sudd, bwawa kubwa la kinamasi ambalo mkondo wake huzibwa na mimea ieleayo, mpaka zikafika reli ya kwenda Khartoum na Wadi Halfa. Kutoka Wadi Halfa palikuwa na meli tena hadi karibu na Aswan, kisha treni ya Kairo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya uvumbuzi ya kweli, tena kuliko ile ya St. Lawrence, ambako mtalii halazimiki hata kuhamisha sanduku lake. Mwisho wake haukuletwa na ndege peke yake: mvua za mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziliinua maji ya maziwa yote, Butiaba ikafurika na kuachwa, na Robert Coryndon ikazama palepale.

Katika karne hii Misri imekuja na wazo la kuunganisha kilichokatika. Mradi ujulikanao kwa kifupisho VICMED, ambao upembuzi wake umesaidiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, unakusudia njia ya meli kutoka Victoria hadi Mediterania. Wazo hilo lina mvuto kwa nchi zisizo na pwani, lakini kulitekeleza kwa ukamilifu kungehitaji vyumba vya maji kando ya mabwawa ya umeme ya Nalubaale, Bujagali, Isimba na Karuma, na kingine cha kuikwepa Murchison iliyo ndani ya hifadhi ya wanyama. Gharama hiyo haielekei kulipwa na mizigo ya chai wala kahawa. Lililo karibu zaidi na uwezo wa Afrika Mashariki ni kufufua ule mpango wa kupokezana vyombo, kwa kuwa vipande vyake vingi bado vipo: mabasi ya Kisumu na Jinja hayajakoma, boti za watalii hupanda kutoka Paraa hadi chini ya Murchison, na barabara ya Nimule hadi Juba ilitiwa lami mwaka 2012.

Kijana wa Marani anayetamani kuiona Antaktika leo ana nafasi kubwa zaidi ya kufika akiwa mfanyakazi wa melini kuliko akiwa abiria, na kwa ajili hiyo kuna Chuo cha Bandari cha Mombasa pamoja na mafunzo ya usalama baharini ambayo kila baharia hutakiwa kuwa nayo. Anayetamani Kairo kwa njia ya Naili ana kizuizi kingine, kwa sababu kuanzia Juba mto hupita katika nchi mbili zilizochoshwa na mapigano, na huko Khartoum, ambako reli ya safari hiyo ilipita, vita vilizuka Aprili 2023.