Kuku Mwenye Yai Tumboni

Mwambie mtoto wa miaka mitano achore kuku, na huenda akakuletea kuku mwenye yai tumboni. Si yai lililokwisha kutagwa, bali yai lililomo ndani, linaonekana waziwazi katikati ya manyoya. Wazazi wengine hucheka. Wengine huchukua kifutio wakarekebishe. Wasifute. Mwaka 1927, Mfaransa Georges-Henri Luquet alichapisha kitabu kizima kuhusu michoro ya watoto, na mojawapo ya hoja zake kuu ni kwamba mtoto wa umri huo huchora anachokijua, si anachokiona. Anajua yai limo, basi sharti lionekane.

Katika Dagoretti wapo watoto wengi wanaolijua yai hilo kwa kulishika, wala si kwa kulisoma kitabuni. Eneo hili la magharibi liliingizwa Nairobi mwaka 1963, mipaka ya jiji ilipopanuliwa. Familia za Riruta, Waithaka, Mutuini na Ruthimitu zikawa wakazi wa jiji bila kuhama, mashamba yao ya kurithi yakiwa palepale. Tangu hapo ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi, vyumba vya kupangisha vikajazana hadi kwenye ua wa jirani. Hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, bado kuna kibanda cha kuku. Tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kusimamia kilimo na ufugaji mjini, kwa hiyo mwenye kuku watano hana haja ya kuwaficha, mradi afuate masharti yake na jirani asisumbuliwe na harufu.

Watu hufuga kwa ajili ya mayai na nyama, na pengine senti kidogo za karo. Ni wachache wanaofikiria kwamba kibanda hicho ndicho darasa la sanaa la bei nafuu kuliko yote mtaani.

Chukua siku 21 za kuatamia. Kufikia siku ya saba, usiku, zima taa na uweke yai juu ya tochi ya simu. Utaona doa jeusi na mishipa myekundu iliyotandaa kulizunguka, nyembamba kama miguu ya buibui. Yai lisilo na kitu hung'aa manjano tupu. Mtoto aliyeona tofauti hiyo kwa macho yake hahitaji kuambiwa achore nini. Tatizo litakuwa kumtoa mezani aende kulala.

Vifaranga wakishaanguliwa, mchoro unaweza hata kufanya kazi ya nyumbani. Wafugaji wengi hukunja katoni ikawa duara, kwa sababu penye pembe vifaranga hurundikana na kukosa hewa. Chini hutandaza maranda, ambayo kwa wakazi wa huku hayako mbali: mafundi wa fanicha wamejaa Ngong Road. Juu hutundika taa ya joto, au huweka jiko, dirisha likiachwa wazi ili moshi na hewa chafu vitoke. Joto la wiki ya kwanza linatakiwa kuwa nyuzi 32 hadi 35 hivi. Mfugaji asiye na kipimajoto huwatazama vifaranga wenyewe. Wakisongamana chini ya taa, wanahisi baridi. Wakikimbilia ukingoni huku midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika kila mahali, wako sawa. Sasa mpe mtoto wa darasa la pili daftari, achore duara kila jioni na kutia nukta moja kwa kila kifaranga pale alipo. Ndani ya wiki mbili familia ina rekodi ya ufugaji ambayo maafisa wa mifugo hawataidharau, na mtoto amejifunza kutazama kabla ya kuchora. Somo hilo la kutazama ndilo gumu. Watoto wengi huchora ndege mwenye miguu minne, maana mnyama kwao ni mnyama; anayelisha kuku kila asubuhi hakawii kuiona hitilafu hiyo mwenyewe.

Shule nazo zimesaidia na kuharibu kwa mkupuo mmoja. Mtaala wa umilisi ulipoanza nchini kote mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, sanaa na ufundi vilirudi darasani, na watoto wakaanza kuagizwa walete manyoya, maganda ya mayai, gundi na karatasi ya manila. Jambo jema. Kisha kazi ikahamia kwa wazazi. Wakenya wanakumbuka malalamiko kuhusu sanamu za kufukuzia ndege shambani, zilizoshonwa usiku wa manane na akina mama waliochoka kazini huku mwenye mtaala amelala fofofo. Mozaiki ya jogoo iliyobandikwa na baba itapata alama ya kuzidi matarajio, lakini matarajio yaliyozidiwa si ya mtoto. Jogoo aliyepinda, mwenye jicho moja kubwa na kishungi kilichotoka nje ya karatasi, ana thamani kubwa kuliko huyo wa baba.

Tahadhari zipo. Maganda ya mayai yachemshwe kabla ya kubandikwa, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika kuku, kwa kuwa bakteria wa salmonela hukaa hata kwa kuku anayeonekana mzima. Nchini Marekani, taasisi ya afya ya CDC inashauri watoto wa chini ya miaka mitano wasishike vifaranga kabisa; watazame tu na kuchora. Ugonjwa wa kideri nao unaweza kumaliza kibanda kizima kwa siku chache. Chanjo yake hutiwa kwa tone la jicho na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi, na kwa kuwa chupa ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho, majirani wa ploti moja wakichanga na kuchanja siku moja hakuna dozi itakayomwagwa.

Halafu kuna Krismasi. Kuku aliyepewa jina na kuchorwa mwaka mzima huingia sufuriani, na nyumba hugawanyika. Ni afadhali kumwambia mtoto mapema kuku yupi ni wa mayai na yupi ni wa kuchinjwa, kuliko kumdanganya kwamba alichukuliwa na mwewe. Watoto wa Dagoretti wanaishi karibu na vichinjio vikubwa vinavyolisha jiji nyama. Habari ya kuchinja si ngeni kwao. Mchoro utabaki.

Ila utabaki ukitunzwa. Kamba moja ukutani na vibanio vya nguo vinatosha. Nyuma ya kila karatasi andika tarehe, jina na maneno aliyoyasema mtoto kuhusu kazi yake; nafasi ikiisha, piga picha kwa simu na uhifadhi iliyo bora kila mwezi. Na wikendi hii, kabla hujanunua kitabu cha kupaka rangi kilichochorwa jogoo wa kigeni, mpe mwanao penseli na karatasi tupu, mkalishe mbele ya kibanda kwa nusu saa, na usimwambie jogoo ana rangi gani.