Nambari Tasa na Wazazi Waliofichika

Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili hukariri akisami, kuanzia nusu hadi ushuri, kisha tukaiaga hisabati. Makala haya yanarejea huko kwa sababu ya neno moja: tasa. Nambari tasa ni ile inayozidi 1 na isiyogawika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mathalani, 31 ni tasa ilhali 15 si tasa, kwani ni zao la 3 na 5. Mwanasemantiki atatushtaki hapa. Ikiwa 15 ni zao, basi 3 na 5 ni wazazi wake, na 31 isiyo na wazazi ingestahili kuitwa yatima! Istilahi imekwisha kukita mizizi, lakini taswira ya wazazi itatufaa.

Nambari ninayodhamiria kuijadili ni 147,573,952,589,676,412,927. Hupatikana kwa kuinua 2 hadi kipeo cha 67, kisha kutoa 1. Mnamo 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiorodhesha miongoni mwa nambari tasa za umbo hilo. Hakutoa ithibati, na bado dai lake lilidumu zaidi ya karne mbili.

Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, alithibitisha kwamba si tasa. Ajabu ni kuwa hakutaja kigawo chake hata kimoja. Mbinu yake, kama ilivyonyooshwa baadaye na D. H. Lehmer, huanza na 4. Nambari huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, na zoezi hurudiwa. Idadi ya marudio ni kipeo kutoa 2. Kwa kipeo cha 5 twapata 14, 194, kisha 37,634. Hiyo ya mwisho hugawika kwa 31 bila baki, kwa hivyo 31 ni tasa. Kwa kipeo cha 67, baada ya marudio 65, baki haliishi. Lucas alijua kwa yakini kuwa wazazi wapo, asiwajue kwa majina.

Kuwatafuta kulikuwa kazi nyingine kabisa. Kila kigawo cha nambari hii kikigawanywa kwa 134 sharti kiache baki la 1. Sharti hilo hupunguza msako, ila kigawo kidogo kimejificha kwenye hatua ya 1,445,580 ya ngazi hiyo. Mnamo Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole aliwafichua mbele ya wanahisabati wenzake: 193,707,721 na 761,838,257,287, zote mbili tasa. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikokotoa ubaoni, majibu yakalingana, akaketi. Husimuliwa pia kwamba msako ulimla Jumapili za miaka mitatu.

Pengo hilo kati ya wepesi wa kuzidisha na ugumu wa kurudi nyuma ndilo msingi wa mfumo wa RSA, uliobuniwa 1977 na unaolinda siri kwa nambari zenye mamia ya tarakimu. Msomaji mwenye shaka na azidishe nambari mbili za Cole kwa kalamu. Alasiri moja yatosha.