Kuhakiki Maandishi ya Mikataba ya Kompyuta

Kila katibu anajua kwamba nakala ya masharti iliyomo kabatini mwa chama ni lazima iwe sawasawa na ile iliyoandikishwa kwa Mrajis. Zikitofautiana, inayotambuliwa ni iliyoandikishwa, hata kama wanachama walisomewa nyingine mkutanoni. Jambo hilo hilo ndilo la kuangaliwa katika mikataba ya kompyuta.

Mikataba hii, iliyoenea baada ya mtandao wa Ethereum kuanza mwaka 2015, huwekwa katika daftari la blokucheni, ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi duniani. Hujitekeleza yenyewe: sharti likitimia, fedha hulipwa. Nchini Kenya, Etherisc na ACRE Africa walitumia njia hii kuwakatia wakulima wadogo bima ya mazao. Bima kama hiyo ikiletwa Makangale, kwa mkulima anayetegemea mvua za masika, swali la kwanza ni hili: je, mkataba uliosomwa ndio unaotenda kazi?

Swali hilo si la bure. Mtu huandika mkataba kwa lugha inayosomeka, kama Solidity. Kisha programu iitwayo kompaila huugeuza kuwa tarakimu za mashine. Kiingiacho daftarini ni tarakimu hizo tu. Mwenye hila aweza kuonyesha maandishi yasemayo kwamba mkulima atalipwa, na daftarini akaweka tarakimu zinazompa yeye fedha zote.

Uhakiki ni kuirudia kazi ile. Maandishi hupitishwa tena katika kompaila ya toleo lile lile, kwa mipangilio ile ile, na tarakimu zitokazo hulinganishwa na zilizomo daftarini. Etherscan na Sourcify hutoa huduma hii, na yeyote mwenye ujuzi aweza kuirudia mwenyewe. Ulinganishaji ni mkali: kwa kawaida, hata neno moja la maelezo ya pembeni likibadilishwa, tarakimu za mkiani hutofautiana, ingawa utendaji wa mkataba ni ule ule.

Lakini uhakiki huthibitisha usawa, si uadilifu wala usalama, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Maandishi ya mfuko wa The DAO yalikuwa wazi kwa wote. Hata hivyo, Juni 2016 zilichotwa humo etha zipatazo milioni 3.6 kupitia kasoro iliyokuwamo. Ipo pia mikataba iliyo mlango tu: huipeleka kazi kwa mkataba mwingine ulio nyuma, na mwenye ufunguo aweza kuweka mwingine badala yake bila kuugusa mlango. Hapo katibu adai kuonyeshwa uhakiki wa mikataba yote miwili, pamoja na jina la mshika ufunguo, kabla michango ya wanachama haijatoka.