Taswira za Louis wa 16 na Malkia Marie-Antoinette

Mwenye kutaka kuzijua taswira za kale za Louis wa 16, mfalme wa Ufaransa, na mkewe Marie-Antoinette, ni vema atazame libasi kabla ya nyuso, kwa maana nyuso zile zilichorwa na mafundi waliojua wajibu wao wa kumridhisha mwenye enzi, ilhali libasi zilitamka waziwazi lile lililokusudiwa kufahamika kwa raia na kwa wajumbe wa dola nyingine.

Zama hizo, kabla ya kuzuliwa kamera, taswira ya mfalme ilikuwa naibu wake: ilitundikwa katika majumba ya serikali na ya mabalozi, ikatolewa hidaya kwa marafiki, na kwa sababu hiyo ile ya asili ikanakiliwa tena na tena. Hata Bunge la Marekani, baada ya Louis kuwasaidia katika vita vyao na Waingereza, lilipelekewa taswira za mfalme na malkia mwaka 1784, nazo zote mbili zimepotea. Basi anayeuziwa leo jozi kuukuu ya wawili hao, kila mmoja katika fremu yake, na aulize kwanza ni nakala ya kazi gani, na ya lini. Ikionekana ndani yake rangi nyeupe ya titani, ambayo wachoraji hawakuwa nayo kabla ya karne ya 20, dai la ukale limebatilika.

Taswira rasmi ya mfalme, kazi ya Antoine-François Callet, yamwonyesha amesimama katika joho la buluu lenye mayungiyungi ya dhahabu na bitana ya manyoya meupe, kwa namna ileile ambayo Hyacinthe Rigaud alimchora Louis wa 14 mwaka 1701. Hapana jipya ndani yake, wala halikutakiwa.

Kwa malkia mambo ni mengine kabisa. Mchoraji wake, Élisabeth Vigée Le Brun, aliyezaliwa mwaka mmoja naye, 1755, alipeleka katika maonyesho ya Akademia ya Kifalme ya mwaka 1783 taswira iliyomwonyesha amevaa kanzu ya melimeli nyeupe na kofia ya majani, mkononi akiwa na waridi. Watazamaji wakahamaki, wakisema kwamba malkia amechorwa na nguo ya ndani. Wengine wakanung'unika kuwa anaidharau hariri ya wafumaji wa Lyon. Taswira ikateremshwa, na mahali pake ikawekwa nyingine, ya mwanamke yuleyule na waridi lilelile, ila sasa amevikwa hariri na kupambwa kwa lulu. Mimi sijui jozi ya taswira inayofundisha zaidi kuliko hizi mbili, kwani anayezilinganisha huona jinsi kitambaa peke yake kilivyoweza kuivunja heshima ya mtu na kuirudisha.

Mwaka 1787 ikaja ile kubwa ya malkia na watoto wake, iliyokusudiwa kumtakasa baada ya kashfa ya kidani cha almasi ya mwaka 1785. Amevaa mahameli nyekundu, shingoni hana kidani, na kabati la johari limesukumwa gizani nyuma yake, ili ifahamike kuwa johari zake ni wanawe. Kando, mrithi wa ufalme anaonyesha kwa kidole susu tupu: ni ya mdogo wao Sophie, aliyefariki mwezi wa Juni mwaka uo huo.

Kwa raia taswira hiyo haikufaa kitu, maana chuki ilikwisha kukita. Mrithi naye akafariki Juni 1789, na mchoraji amesimulia kwamba malkia, akishindwa kupita mbele ya taswira hiyo bila kulia, aliamuru iondolewe pale ilipotundikwa Versailles. Na kwa kuondolewa huko, kwa maelezo yake, ikasalimika na mikono ya wale walioivamia kasri katika siku za mapinduzi.