Vipimo vya mkojo ni safi, mbona mtoto bado anakwenda chooni kila mara?

Januari, shule zinapofunguliwa, baadhi ya wazazi hukutana na jambo linalowatia hofu. Mtoto ambaye hakuwa na tatizo lolote ghafla anaomba kwenda haja ndogo kila baada ya dakika 10 au 20. Akifika chooni hutoa matone machache, na muda si mrefu anaomba tena.

Wapo wanaodhani ni ujeuri au mbinu ya kukwepa vipindi. Wengine hukimbilia duka la dawa kununua antibayotiki bila kupima. Kote huko mtoto hasaidiki.

Pima kwanza

Kwa familia za Shinyanga na Geita, hatua ya kwanza ni kupima mkojo katika kituo cha afya. Kanda ya Ziwa ina kichocho, na mtoto anayeoga au kucheza kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga yuko hatarini. Kichocho cha mkojo huleta haja ya mara kwa mara, maumivu na damu, hasa mwishoni mwa kukojoa. UTI huweza kuleta maumivu na homa.

Mtoto anayekojoa mkojo mwingi mchana na usiku, anayekunywa maji kupita kawaida na kukonda, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni kisukari. Hata choo kigumu hubana kibofu.

Hofu inavyogusa kibofu

Kibofu cha mtoto wa miaka 6 hubeba takribani mililita 240, karibu glasi moja. Akiwa na wasiwasi, ubongo husikiliza mno ishara za mwili, na mkojo kidogo tu huhisiwa kama kibofu kimejaa. Ndiyo maana hata mtu mzima hubanwa kabla ya usaili.

Dalili yake ni hii: mtoto hasikii maumivu, na akizama mchezoni au akilala, haja hupotea.

Chanzo kinaweza kuwa kuanza shule, mwalimu mkali, kuchekwa na wenzake, msiba au ugomvi wa wazazi. Katika ukanda wa dhahabu kuna na mengine: baba kuondoka alfajiri kwenda machimbo bila kuaga, familia kuhama kila dhahabu inapotoka kwingine, au mtoto kusikia watu wazima wakizungumzia mchimbaji aliyefukiwa na kifusi.

Mzazi afanye nini?

Usimchape wala kumsema mbele ya watu. Aibu huongeza hofu. Usimnyime maji, bali mpunguzie chai na soda za kola. Mweleze kwamba amepimwa na hana ugonjwa.

Muulize wakati mnafanya kazi pamoja, mkiosha vyombo au mkichambua mchele: "Siku hizi kuna kitu kinakutisha?" Kisha nyamaza, msikilize. Baba aliye machimboni apige simu saa inayojulikana na aseme lini anarudi.

Zungumza na mwalimu wake amruhusu kutoka bila maswali. Mtoto anayejua hatakataliwa hupunguza kuomba.

Mara nyingi hali hii huisha yenyewe baada ya wiki au miezi michache. Ikiendelea, au ikija damu, homa, maumivu au kukojoa kitandani upya, mrudishe kituoni akapimwe tena.